Jibu: Watoto wa mbwa wanakufa kwa parvo kituoni kwetu, tutumie dawa gani ya kusafishia?

Ndugu mleta mada, pamoja na wadau wote mliochangia,

Umeeleza kwamba kituo chenu kinatunza mbwa wapatao 40, kwamba tangu mvua zianze watoto wa mbwa wanaoletwa huanza kutapika na kuharisha damu siku chache baada ya kuingia, kwamba daktari wa mifugo amethibitisha kuwa ni parvo, yaani ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, na unauliza ni dawa gani yenye nguvu kuliko zote ya kunyunyizia mabandani. Nimefanya kazi miaka kadhaa katika kituo cha mbwa pembezoni mwa Arusha, kwanza kama mhudumu wa mabanda na baadaye kama msimamizi, na ingawa mimi si daktari, milipuko ya namna hii nimeipitia nikiwa na fagio mkononi. Nitaanza na dawa kwa kuwa ndiyo uliyoiuliza, kisha nitaeleza kwa nini sehemu kubwa ya fedha mnayokusudia kuitumia kununulia dawa hiyo ningeihamishia langoni.

Kirusi cha parvo kilijitokeza kwa mbwa mwaka 1978 na kikaenea duniani kwa muda mfupi kwa sababu hapakuwa na mbwa aliyekuwa na kinga dhidi yake. Hakina ule utando wa mafuta unaovizunguka virusi vingine na ambao sabuni huuvunja kwa urahisi, kwa hiyo dawa nyingi zinazotegemewa majumbani hazikifanyi chochote. Zile zenye harufu kali zinazogeuka kuwa nyeupe zikitiwa majini, pamoja na nyingi za kupigia deki zenye harufu ya maua, zitakupa banda linalonukia huku kirusi kikiwa palepale. Kinachokiua kwa uhakika na kwa bei ndogo ni jiki. Kama lebo inaonyesha asilimia 3.5 ya haipokloriti ya sodiamu, lita 1 ya jiki katika lita 20 za maji inatosha. Kama ni asilimia 5, lita 1 kwa lita 30. Ichanganywe upya kila siku, ihifadhiwe mbali na jua, na ikishapakwa iachwe sakafuni ikiwa mbichi kwa dakika 10 kamili kabla ya kusuuzwa, mbwa akiwa ametolewa bandani muda wote huo.

Hata hivyo, jiki inayomwagwa juu ya kinyesi huishia kwenye kinyesi. Uchafu wa aina yoyote huimaliza nguvu, kwa hiyo nusu ya kwanza ya kazi ni ya koleo, sabuni, brashi na maji mengi, na dawa hufuata sakafu ikishaoshwa na maji yaliyotuama yakishafagiwa. Hatua hiyo ya kuosha kwanza inamlinda pia mhudumu, kwani mkojo una amonia, na jiki ikikutana na amonia hutoa hewa inayochoma macho na mapafu. Msitumie mpira wenye presha kubwa karibu na mabanda yenye mbwa, kwa sababu hurusha matone yenye kinyesi hadi banda la jirani, wala msizungushe tambara moja la deki kutoka banda la kwanza hadi la mwisho. Mbao haziwezi kusafishwa zikawa salama, nyufa za saruji nazo ni vivyo hivyo. Sakafu iliyopigwa niru vizuri na yenye mteremko wa kupeleka maji mfereji wa nje ni uwekezaji wenye faida kuliko pampu ya kunyunyizia. Udongo nao hauna dawa. Kirusi hukaa humo kwa miezi mingi, na penye kivuli na unyevunyevu kinaweza kupitisha mwaka, na kuumwagia jiki ni kupoteza jiki.

Kuhusu lile beseni la kukanyagia dawa mlangoni ambalo umesema mmeliweka, mimi nililiondoa. Dawa iliyomo huchafuka baada ya watu wachache, na sijawahi kumwona mtu akisimama ndani yake dakika 10. Nunueni gambuti za eneo la wagonjwa, zipakeni rangi ili zitambulike, na zisivuke mlango wa eneo hilo kamwe.

Baada ya hayo niseme lililonifanya niandike. Mtoto wa mbwa aliyeambukizwa huanza kutoa virusi kwenye kinyesi siku chache tu baada ya maambukizi, kabla hajatapika na kabla hajakataa chakula, na kwa kawaida dalili hutokea kati ya siku 3 na 14. Maana yake ni kwamba siku unayomwona mgonjwa wa kwanza, banda lake, mikono iliyomlisha na uwanja aliochezea vimekwisha kuchafuka. Dawa ya kusafishia hufika ikiwa imechelewa kila mara. Kinachoweza kufika mapema ni chanjo, na katika kituo cha mbwa mapema ni dakika za kwanza za mbwa kuingia langoni, kabla hajatembezwa na kabla hajapangiwa banda.

Chanjo ninayoizungumzia ni ile ya mchanganyiko yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, inayokinga distempa (ugonjwa mwingine wa kirusi wa mbwa, nitaueleza hapo chini), parvo na homa ya ini ya mbwa. Msikubali kuuziwa iliyotengenezwa kwa virusi vilivyouawa, kwa kuwa hujenga kinga polepole na huhitaji dozi mbili kabla ya kufaa. Kinga ya distempa huanza haraka sana baada ya sindano, ya parvo huchukua siku kama 3 hadi 5, na ndiyo sababu kumchanja mbwa kesho badala ya leo ni tofauti kubwa. Miongozo ya vituo inaelekeza kwamba kila mbwa mwenye umri wa kuanzia wiki 4 achanjwe anapoingia, akiwemo jike mwenye mimba, aliyekonda na mwenye mafua mepesi, kwa sababu hatari inayomsubiri ndani inazidi hatari ya sindano. Daktari wenu anaweza kusitasita, hasa kama amezoea mbwa wa majumbani. Mwombeni azungumze nanyi mkiwa mmemweleza idadi ya mbwa wanaoingia kila wiki.

Watoto wa mbwa wana shida yao ya pekee. Kinga waliyonyonya kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, huwalinda kwa muda, lakini kinga hiyohiyo huizuia chanjo isishike, na inapopungua hupita katika kipindi ambacho imekuwa dhaifu mno kumlinda mtoto ilhali bado ina nguvu za kuiharibu chanjo. Kipindi hicho hutofautiana kati ya mtoto na mtoto, hata wa tumbo moja. Hatuwezi kukikisia, kwa hiyo tunarudia sindano kila baada ya wiki 2 hadi mtoto afikishe wiki 20, maadamu yumo kituoni. Ratiba ya mbwa wa nyumbani, inayoanza wiki ya 6 au ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16, haikutungwa kwa ajili ya mahali ambapo wageni huingia kila siku.

Kuna jambo linalotuponza sana huku kwetu. Mtu anamleta mbwa na kusema amechanjwa, anatoa na kadi, ukiisoma unakuta ni chanjo ya kichaa cha mbwa aliyopewa katika kampeni ya serikali, pengine katika wiki ya tarehe 28 Septemba. Chanjo hiyo ni ya lazima na naiheshimu, lakini haizuii parvo wala distempa. Mhudumu wa langoni afundishwe kusoma stika ya kichupa iliyobandikwa kwenye kadi, na pasipo stika, mbwa ahesabiwe kuwa hajachanjwa. Vilevile chanjo huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikishachanganywa na maji yake itumike ndani ya saa moja. Kwa mikoa ambayo umeme hukatika mchana kutwa, friji isiyo na kipimajoto ni kabati la kawaida, na mbwa aliyechomwa chanjo iliyopata joto ni hatari kuliko asiyechanjwa, kwa kuwa mnamwamini.

Mdau mmoja hapo juu amependekeza kwamba kila mbwa mpya akae karantini siku 14 kabla ya kuchanganywa na wengine. Sikubaliani naye, ingawa naelewa nia yake. Karantini ya namna hiyo ina maana pale tu watakaoingia pamoja watatoka pamoja. Katika vituo vyetu mbwa huingizwa karantini kila siku, kwa hiyo wa jana anakutana na wa leo, na siku 14 zinageuka kuwa muda wa kuambukizana na wa kujaza mabanda. Mbwa mwenye afya, aliyechanjwa langoni na kukaguliwa vizuri, apangiwe banda lake na atafutiwe mwenyeji haraka iwezekanavyo. Karantini iwe kwa aliyekutana na mgonjwa, na chumba cha kutenga kiwe cha mgonjwa mwenyewe, na maeneo hayo mawili yasiwe kitu kimoja.

Hesabu ya idadi ni rahisi, na ajabu yake ni kwamba wengi hawaifanyi. Mbwa wanaoingia kwa siku, mara siku ambazo kila mmoja hukaa, ndiyo idadi mtakayokuwa nayo. Wakiingia 2 kwa siku na kukaa siku 30, mna mbwa 60. Mkipunguza siku hizo hadi 15, mna 30, bila kumkataa hata mmoja. Kipimo kilichozoeleka Marekani, ambacho wataalamu wa huko wenyewe sasa wanasema huenda hakitoshi, ni dakika 15 kwa kila mnyama kwa siku kwa ajili ya kusafisha na kulisha tu. Kwa mbwa wenu 40 hizo ni saa 10. Umesema mna mhudumu mmoja na kijana anayemsaidia asubuhi, basi tayari jiki haiwezi kupewa dakika zake 10 na hakuna anayepata nafasi ya kuona kwamba mbwa wa banda la tano hakumaliza chakula jana. Wafadhili hufurahia kuleta madumu ya dawa kwa kuwa yanapigika picha. Waombeni chanjo na mshahara wa mhudumu wa pili.

Watoto wa mbwa walio chini ya miezi 5 wasiingie mabandani kabisa kama kuna njia nyingine. Tafuteni familia chache za kujitolea, zisizo na mbwa asiyechanjwa na ambazo hazijawahi kuuguza parvo nyumbani, mtoto achanjwe langoni na kuondoka saa ileile akiwa kwenye boksi, bila kukanyaga uwanja. Hilo ndilo lililotupunguzia vifo kuliko yote tuliyojaribu. Wageni wanaokuja kuangalia, hasa makundi ya wanafunzi, hupenda kuwabeba watoto mmoja baada ya mwingine. Wanyimwe bila haya.

Sasa mlipuko mlio nao. Simamisheni leo uhamishaji wa mbwa kati ya banda na banda. Gawanyeni mbwa katika makundi: wenye dalili, wasio na dalili lakini walikuwa banda moja na wagonjwa au walihudumiwa kwa vyombo vilevile, na wale ambao hawakuguswa kabisa. Mbwa wakubwa waliochanjwa zaidi ya wiki moja iliyopita na ambao hawana dalili hatari yao ni ndogo, msiwafungie pamoja na watoto kwa hofu. Kila siku kazi ianzie kwa watoto wenye afya na majike wanaonyonyesha, iende kwa wakubwa wenye afya, kisha waliokutana na wagonjwa, na iishie kwa wagonjwa, bila kurudi nyuma hata kama kimesahaulika chombo. Mkipata mtu wa kuhudumia wagonjwa peke yao ni bora zaidi. Banda la mbwa mwenye afya halihitaji kumwagiwa dawa kila asubuhi. Okoteni kinyesi, futeni palipochafuka, mwacheni na tandiko lake, kwa sababu kila anapotolewa na kupitishwa mlangoni hukutana na kitu kipya. Dawa kamili ni kwa banda linalobadilisha mbwa.

Wagonjwa wanatibika, na nasema hivi kwa kuwa kuna mchangiaji aliyeandika kwamba mwenye parvo achomwe sindano ya kulala moja kwa moja. Bila tiba wengi hufa. Wakipata dripu mapema, dawa ya kuzuia kutapika, antibiotiki za kuzuia bakteria wa utumbo wasiingie kwenye damu, na chakula kidogo kidogo mara tu wanapoweza kukihifadhi tumboni, wengi hupona. Swali gumu ni kama mna chumba cha kuwatengea na mtu wa kuwakesha. Kama hamna, watafutieni kliniki inayokubali, na asiyeweza kupata tiba ya kweli asiachwe apambane na maumivu peke yake bandani. Hapo uamuzi ni wa daktari, na si wa kikatili.

Angalieni pia kama parvo iko peke yake. Distempa huingia ikiwa imejificha ndani ya mafua ya kawaida ya mabandani: tongotongo, kamasi nzito, kikohozi, homa, baadaye kuharisha, na wiki kadhaa mbele mshtuko wa misuli na kifafa. Sisi wa kaskazini tuna sababu ya kuujua ugonjwa huu, maana mwaka 1994 uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani walitajwa kuwa chimbuko lake. Kirusi chake ni ndugu wa kirusi cha surua na cha sotoka, kina ule utando wa mafuta, kwa hiyo jua na sabuni hukiua upesi, na kwake dawa ya kusafishia si suala kubwa. Ubaya wake upo kwenye muda. Mbwa aliyeambukizwa anaweza kukaa wiki kadhaa kabla ya dalili, na aliyepona anaweza kuendelea kutoa virusi kwa wiki nyingi, pengine miezi, akiwa anaonekana mzima. Kwa hiyo siku 14 zinazotosha kwa parvo ni chache mno kwa distempa, na mbwa mwenye mafua yasiyoisha na macho yanayotoka usaha apimwe kabla hajarudishwa kundini.

Mengine nayapitia kwa haraka. Minyoo, hasa safura na minyoo ya mviringo, itibiwe langoni siku ileile ya chanjo, kwani mtoto mwenye safura hukosa damu na parvo humkuta tayari ameishiwa, na mabuu ya safura huwapata hata binadamu wanaokanyaga uwanja bila viatu. Kupe wa kahawia hujificha kwenye nyufa za kuta na kueneza homa ya kupe kwa mbwa wote, kwa hiyo zibeni nyufa pamoja na kumpaka mbwa dawa. Panya wasipoachiwa chakula usiku, hatari ya homa ya mgunda hupungua kwa mbwa na kwa wahudumu. Majike na madume wa mitaani wenye uvimbe unaotoa damu sehemu za siri watengwe wasipandane wala kulambana, maana uvimbe huo huambukiza kwa kugusana, ingawa hutibika vizuri kwa sindano.

Kichaa cha mbwa hakivumilii kupitiwa haraka. Kila mhudumu apate chanjo ya kinga kabla ya kuanza kazi. Akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama aliyemuuma ni mtoto wa mbwa wa miezi miwili. Mbwa aliyeuma, akiwa mzima, atengwe na kuangaliwa kwa siku 10, na afisa mifugo wa kata aarifiwe, kwa sababu ugonjwa huu ni wa kutolewa taarifa kisheria. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetoa udende au kushindwa kumeza, asifunguliwe kinywa na mtu yeyote kwa kudhani amekwamwa na mfupa.

Mwishoni umeuliza ni lini mnaweza kufungua tena. Mbwa wakubwa mnaweza kuendelea kuwapokea hata sasa, mradi wachanjwe langoni na wapelekwe sehemu ambayo haikuguswa na mlipuko, yenye vyombo vyake na mhudumu wake. Watoto wasubiri hadi zipite siku 14 tangu mgonjwa wa mwisho atengwe bila mwingine kutokea, na mabanda yao yawe yameoshwa na kupakwa jiki zaidi ya mara moja. Uwanja wa udongo walikochezea wagonjwa fyekeni majani, uacheni upigwe na jua, na uwe wa mbwa wakubwa waliochanjwa pekee kwa mwaka mzima. Halafu chukueni daftari la waliotoka, mpigieni simu kila mtu aliyemchukua mbwa kwenu ndani ya wiki mbili kabla ya mgonjwa wa kwanza, mweleze dalili za kuangalia na kliniki ya kwenda, na mwambieni asimkutanishe mbwa huyo na watoto wa mbwa wa jirani hadi siku 14 tangu amchukue zitimie bila dalili.